Pesa za Simu Nchini Ghana: Amana Imo Mikononi mwa Nani?



 

Tarehe 2 Aprili 2025, Rais John Dramani Mahama wa Ghana alitia saini sheria ya kufuta tozo ya miamala ya simu. Tozo hiyo, ambayo wenyewe waliiita E-Levy, haikutimiza hata miaka mitatu. Habari hii ilipita kwenye redio na mitandao yetu siku moja tu, ikafunikwa na nyengine. Pengine wengi hawakuona inatuhusu nini sisi wa visiwani, ilhali Ghana iko upande wa pili wa bara, bahari yao si bahari yetu wala lugha yao si lugha yetu.

Sisi tumeona isipite hivi hivi. Tozo ya namna hiyo tumeionja wenyewe. Ilianza Tanzania Julai 2021, na nani asiyekumbuka manung'uniko ya mwezi ule, mpaka ikapunguzwa kwa awamu? Lakini lililotusukuma hasa kuandika ni jambo dogo zaidi. Wiki chache nyuma, baada ya darsa ya Alasiri, mama mmoja alitusubiri mlangoni mwa msikiti na simu yake mkononi. Ni mjane, anauza maandazi na anasomesha watoto watatu. Akatuonesha ujumbe kwamba ameingiziwa shilingi elfu nne na ushei kwenye akaunti yake ya simu, na kwamba hilo ni gawio lake. Akauliza: "Sheikh, pesa hizi sikuziomba, sikuzifanyia kazi, na sijui zimetoka wapi. Nizile?"

Swali la mama huyu na habari ya Ghana ni kitu kimoja. Yote mawili yanauliza: pesa ya mnyonge ikiwa ndani ya simu, ni amana ya nani, na nani ana haki ya kutia mkono humo? Ghana imelipitia swali hili kwa upana kuliko nchi nyingi, na kwa hivyo tunaanzia huko kabla ya kurudi kwa mama yetu.

Ghana ina watu milioni 30.8 kwa sensa ya mwaka 2021, na karibu mmoja katika kila watano ni Muislamu. Wengi wao asili yao ni kaskazini, au wanaishi katika mitaa inayoitwa Zongo, ambayo haikosekani katika miji mikubwa: Accra, Kumasi, Tamale. Hao ni watu wa biashara ndogo ndogo. Ndio wauza vitunguu, ng'ombe na nguo, na wasichana wao ndio wale wanaoteremka kutoka kaskazini kwenda kubeba mizigo kichwani katika masoko ya Makola na Kejetia, wanaoitwa kayayei. Binti wa namna hii hana akaunti benki. Zamani akitaka kupeleka pesa kwa mama yake alimpa dereva wa basi na kumuombea Mungu afike salama. Huduma ya pesa kwa simu ilipoingia Ghana mwaka 2009, binti huyu ndiye aliyepata faraja ya kweli. Hatuwezi kulidharau hilo. Kuwatazama wazazi ni wajibu, na chombo kinachomrahisishia mtu wajibu wake ni neema.

Serikali za Ghana, zote mbili za vyama vinavyopokezana, zilifanya kazi kubwa juu ya msingi huo. Mei 2018 mitandao ya simu iliunganishwa, ikawa mtu wa mtandao mmoja anamtumia wa mtandao mwengine bila kupita mlango wa nyuma. Sisi Tanzania tuliwatangulia kwa hilo, tangu mwaka 2014, lakini wao waliunganisha na benki na kadi zao za taifa kwa mpango mmoja chini ya chombo cha Benki Kuu. Kila nyumba ikapewa anuani ya kidijitali kuanzia 2017. Aprili 2021 namba ya kadi ya taifa ikawa ndiyo namba ya mlipakodi. Aliyesimama mbele ya mambo haya alikuwa Makamu wa Rais, Dk. Mahamudu Bawumia, mchumi aliyewahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu, Muislamu wa kaskazini. Waislamu wengi, wa kwao na wa kwetu, walimuangalia kwa fahari. Nasi hatukuwa mbali na fahari hiyo, ila tunajikumbusha kwamba kiongozi hupimwa kwa uadilifu, na jina lake la Kiislamu halimuongezei kitu kwenye mizani hiyo wala halimpunguzii.

Basi, baada ya jengo kusimama na watu kuingia ndani, serikali ikaona hapa pana pesa.

Novemba 2021 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Ken Ofori-Atta, alisoma bajeti yenye tozo ya asilimia 1.75 kwa kila pesa inayotumwa kwa njia ya simu au mtandao. Bunge lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, 137 kwa 137, na mbunge mmoja wa kujitegemea. Disemba wabunge walipigana ngumi kwa ajili ya tozo hii, na dunia nzima iliona picha zake. Machi 2022 upinzani ukatoka nje na tozo ikapita kwa asilimia 1.5. Tarehe 1 Mei ikaanza kukatwa.

Kwa insafu tuseme walivyoipunguza makali. Cedi 100 za mwanzo kwa siku hazikuguswa. Mtu akijihamishia mwenyewe kutoka akaunti yake moja hadi nyengine hakukatwa. Akimlipa mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi hakukatwa. Kwa hivyo binti wa sokoni anayempelekea mama yake cedi 80 hakudhulumika moja kwa moja, na wanaosema tozo ile ilimkamua kila masikini wanazidisha.

Lakini chukua mfano wa mama muuza vitunguu. Soko maarufu la vitunguu la Accra lilikuwa Agbogbloshie mpaka 2021, lilipohamishiwa Adjen Kotoku, na biashara hii kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa watu wa Zongo na wa kaskazini. Tuseme ana mtaji wa cedi 1,000. Anamtumia mkulima ambaye hakusajiliwa popote, kwani mkulima gani wa vitunguu amesajiliwa? Cedi 100 zimesamehewa, 900 zinakatwa asilimia 1.5, yaani cedi 13 na nusu. Si nyingi. Mzigo unakuja, anauza, anatuma tena. Akizungusha mtaji ule ule mara kumi kwa mwezi, amekatwa cedi 135, na haijaulizwa kama amepata faida au vitunguu vimeozea njiani.

Sasa linganisha na zaka. Mama huyu, kama mali yake ingefika nisabu na ikazungukiwa na mwaka mzima, angetoa asilimia 2.5, yaani cedi 25 katika kila 1,000, mara moja kwa mwaka. Na isipofika nisabu, hatoi kitu. Sharia ya Allah imesubiri mwaka mzima kabla ya kumgusa mtu, na ikamuuliza kwanza kama anacho. Tozo haikusubiri na haikuuliza. Ilikaa njiani ikakata mali inapopita, na hiyo ndiyo sura ya ile kodi ya njiani ambayo wanavyuoni wanaiita maks, na ambayo hadithi zimeikemea vikali.

Hapa huwa tunaulizwa: je, kodi zote za serikali ni haramu? Hapana. Maimamu kama al-Juwayni, al-Ghazali na ash-Shatibi waliruhusu mtawala achukue zaidi ya zaka pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli. Wakaweka masharti: ichukuliwe kwa uadilifu kutoka kwa wenye uwezo, itumike pale ilipoombewa, na haja ikiondoka nayo iondoke. Hazina ya Ghana kweli ilikuwa tupu. Disemba 2022 nchi ilisimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na mwezi huo huo bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 54 katika mwaka mmoja. Mei 2023 ikapata mkopo wa dola bilioni 3 kutoka IMF. Haja ilikuwepo. Sharti lililokosekana ni la wenye uwezo, maana tajiri wa Ghana ana benki, ana mawakili, ana kampuni iliyosajiliwa. Aliyebaki wazi kwenye njia ni mwenye simu tu.

Na watu walijibu kwa namna ambayo haihitaji maandamano. Kwa miezi ya mwanzo wengi walirudi kushika pesa mkononi. Wengine wakawa wanampelekea wakala pesa taslimu aziweke moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji, ili isionekane kama wametuma. Wizara ilikuwa imekadiria kuvuna cedi bilioni 6.9 kwa mwaka 2022. Kufika katikati ya mwaka ikateremsha makadirio hadi milioni 611, chini ya sehemu moja ya kumi. Ni kweli tozo ilichelewa kuanza na kiwango kilishushwa, lakini hayo peke yake hayaelezi tofauti kubwa kiasi hicho. Januari 2023 wakashusha tena hadi asilimia 1. Kufikia uchaguzi wa Disemba 2024 wagombea wote wawili wakubwa walikuwa wanaahidi kuifuta, Dk. Bawumia akiwemo. Alishindwa, na aliyeshinda akaifuta.

Tumelirefusha hili kwa sababu katika nchi zetu kuna fikra kwamba uchumi wa kidijitali ni minara, mikongo na programu. Hivyo ni vyombo tu. Tarehe 14 Machi 2024 mikongo minne ya baharini ilikatika karibu na Abidjan, na Ghana ikawa miongoni mwa nchi zilizokaa wiki kadhaa na intaneti ya kusuasua. Miezi miwili baadaye, Mei 12, ikakatika ya upande wetu na sisi tukaonja. Mkongo ukikatika huja meli ikauunganisha. Imani ya mama wa vitunguu ikikatika, meli gani itakuja?

Lakini serikali si mkono pekee uliomo ndani ya simu, na kwa familia za Kiislamu wala si wa khatari zaidi.

Mwaka 2015 Benki Kuu ya Ghana ilitoa muongozo kwa makampuni ya pesa za simu. Kila shilingi, au tuseme kila cedi, inayokaa kwenye simu za wateja lazima iwekwe kwenye akaunti ya pamoja benki, na kampuni isiitumie kwa shughuli zake. Hili ni jema sana, ni kulinda amana hasa. Kisha ukasema: benki itakapolipa riba juu ya fungu hilo, kampuni isiile yote. Angalau asilimia 80 irudishwe kwa wenye pesa. Kwa mtazamo wa kidunia huu ni uadilifu mkubwa, kwa sababu kabla ya hapo faida ya pesa za masikini ingebaki kwa matajiri. Lengo lao lilikuwa kumpa mwenye haki haki yake.

Ila kilichopewa mwenye haki ni riba. Benki za kawaida haziwekezi kwa mudharaba wala musharaka, zinalipa nyongeza iliyofungwa juu ya deni. Pesa yako iliyomo kwenye simu, hata ukiiita amana, kampuni inaichanganya na za wengine na inadhaminiwa kukurejeshea mfano wake. Kwa hivyo katika hukumu inaelekea zaidi kuwa qardh, yaani mkopo, kuliko wadia safi ambayo kitu chenyewe huhifadhiwa kilivyo. Nyongeza iliyofungwa juu ya qardh haina jina jengine katika fiqhi. Muislamu wa Zongo, kwa hivyo, kila baada ya miezi mitatu anaingiziwa kwenye simu kile ambacho Qur'ani imekitangazia vita, na hakukiomba.

Na hapa ndipo bahari mbili zinapokutana. Tanzania ilianza jambo hili hata kabla ya Ghana. Septemba 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na fungu la amana, na mwengine akafuata. Neno walilotumia ni gawio. Ni neno zuri, linasikika kama faida ya hisa, na kwa hivyo watu hawakuuliza. Mama wetu wa maandazi aliuliza. Allah amjaze kheri, kwani kuna waliosoma zaidi yake, tukiwemo baadhi yetu, waliokuwa wakipokea miaka kadhaa bila kuuliza.

Sheria ya benki ya Ghana ya mwaka 2016 imeacha mlango wa benki zisizo na riba kufunguliwa. Lakini mlango ulioachwa wazi si nyumba. Kwetu Amana Bank ilianza mwaka 2011 na Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma zake za Kiislamu, kwa hivyo fungu la amana la wateja Waislamu lina pa kuwekwa kama kuna atakayetaka kuliweka huko. Wenzetu wa Ghana, wakiwa moja ya tano ya taifa, wangekuwa na nguvu ya kudai jambo jepesi kabisa: mteja aulizwe anapojisajili kama anaitaka nyongeza hiyo au haitaki. Kidude cha kubonyeza ndiyo au hapana. Nchi iliyounganisha kadi, benki na simu za mamilioni ya watu haiwezi kusema hilo ni gumu kulitengeneza.

Mkopo wa simu ndio mwiba mkali zaidi. Ghana, kama hapa, unabonyeza tarakimu chache na pesa inaingia ndani ya dakika. Hakuna karatasi wala shahidi. Unatakiwa urudishe baada ya mwezi pamoja na "ada". Wenyewe hawasemi riba, wanasema ada ya huduma. Tunaulizwa sana kuhusu hili, na jibu letu ni la kuangalia kinachofanyika, jina tuliweke pembeni. Kama ada ni gharama halisi ya kuendesha huduma, ni moja kwa anayekopa kidogo na anayekopa kingi, na haiongezeki kwa kuchelewa, hapo pana nafasi ya kuzungumza. Lakini ada inayokuwa kubwa kila mkopo unapokuwa mkubwa, na inayozaa nyengine ukichelewa, ni nyongeza ya sharti juu ya deni. Na aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetutaka tuandike deni, tuweke muda na tushuhudishe, ili mtu ajue anaingia wapi. Mkopo wa dakika moja umechukua uandishi, kwa sababu simu inaandika kila kitu, ukaiacha hekima yake, kwa sababu anayekopa aghlabu hasomi.

Ghana walikuwa na kitu chao kabla ya hapo, na bado wanacho, nacho ni susu. Mtu wa mtaani anapita kila siku kukusanya akiba ndogo kwa wauza sokoni. Mwisho wa mwezi anamrudishia kila mmoja pesa yake yote, isipokuwa mchango wa siku moja ambao ndio ujira wake. Hiyo ni wakala na ujira, haina doa ikiwa mkusanyaji ni muaminifu. Ni jamaa wa upatu wetu. Tunashangaa kwamba kati ya vijana wote wanaotengeneza programu za simu katika Accra na Dar es Salaam, waliokimbilia mkopo ni wengi, na waliokimbilia susu na upatu ni wachache. Serikali mpya ya Ghana imeanza, Aprili hiyo hiyo ya 2025, majaribio ya mpango wa kufundisha vijana milioni moja kuandika programu. Tunauombea kheri. Suala letu ni dogo: wakishafundishwa, watatengeneza nini?

Tunauliza kwa sababu ya jambo la tatu, ambalo halikusemwa sana katika habari ya ile tarehe 2 Aprili. Siku ile Rais hakufuta tozo ya miamala peke yake. Alifuta pia kodi ya asilimia 10 iliyokuwa ikikatwa kwenye ushindi wa kamari, iliyoanza Agosti 2023. Vijana walishangilia zote mbili kwa pamoja. Katika kampeni wagombea wote wakubwa walikuwa wameahidi kuiondoa na hiyo, maana wanaobeti ni wengi na wana kura.

Wallahi hili lilitusikitisha zaidi ya tozo yenyewe. Hatusemi kodi ile ilikuwa na faida ya kisharia, kwani kamari haisafishwi kwa serikali kuchukua fungu lake. Tunachosema ni kwamba mama wa vitunguu na kijana wa kubeti waliwekwa mizani moja, kana kwamba pesa anayomtumia mkulima na pesa anayoitupa kwenye mechi ya mpira ni muamala sawa. Chombo ni kimoja, simu ni ile ile, namba ya siri ni ile ile, na pesa inatoka kwenye fungu lile lile. Ndiyo maana kamari ya leo haimtaki kijana atoke nyumbani akajulikane. Anacheza akiwa kitandani, mama yake yuko chumba cha pili anasali. Wazazi wa visiwani wasidhani haya ni ya Accra tu.

Tukirudi kwa mama yetu. Tulimjibu kwamba asizile kwa chakula cha nyumba, wala asimuachie kampuni afikiri ndiyo uchamungu, kwa sababu zikibaki huko zitawatia nguvu wale wale. Azitoe katika maslahi ya umma ambayo yeye mwenyewe hafaidiki nayo, bila kunuia thawabu ya sadaka, kwa nia ya kujitakasa na kitu kisichokuwa chake. Huu ndio msimamo wa wanavyuoni wengi wa zama zetu katika riba iliyomfikia mtu bila ya kuitaka. Na tukamwambia aiombe kampuni imuondoe katika gawio. Kiasi kikubwa asikilaze kwenye simu, akipeleke kwenye akaunti isiyo na riba, na simuni abakishe cha matumizi.

Alirudi Alkhamis iliyofuata. Alikuwa amepiga simu kwa kampuni yake, akasubiri kwa muda mrefu, na mwisho akaambiwa hakuna namna, gawio linaingia kwa kila mteja. Zile elfu nne na ushei alizitoa kununulia saruji ya mtaro wa mtaa wa pili, ambako wenyeji walikuwa wanachangishana. Tukamuuliza kama alisikia uchungu kuzitoa. Akacheka, akasema zilikuwa ni kilo mbili za unga na mafuta kidogo, na unga upo bei.

Sisi tumeiandikia kampuni ile barua ya kuomba wateja wasiotaka gawio wapewe njia ya kulikataa, na nakala tumewapelekea wasimamizi. Mpaka tunaandika haya hatujajibiwa. Msomaji aliyeingiziwa gawio na akajaribu kuliondoa, akafaulu au akashindwa, atuletee habari yake ili tuiambatanishe na barua ya pili.

Wallahu a'lam.